Kioo Kilichobandikwa Juu ya Rangi

4 Februari

Mdogo wangu Msomi,

Usicheke mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto, na mstari umeanzia dirishani ukaishia mlangoni. Yule mama wa mazoezi wa hospitali kaniambia niandike kila siku, hata upuuzi, nami sina upuuzi mwingine wa kuuandikia zaidi ya wewe. Kwa hiyo usinipigie simu. Ukinipigia nitaongea, nikishaongea sitaandika tena. Niandikie, nami nitakujibu, mkono upate kazi.

Fedha za bima zimeingia. Pale benki wamenipa kiti na maji ya kunywa, mimi ambaye siku zote walikuwa wananisimamisha foleni karibu na mlinzi. Nashukuru, mdogo wangu. Najua ulivyohangaika. Vichwa vyote nilivyosuka ili wewe ukae darasani, naona umeamua kunirudishia kwa mkupuo.

Saluni nimefungua tena. Shoga yangu wa mtaa wa nyuma kahamia na kiti chake, yeye anasuka, mimi nakaa kwenye stuli namwambia vuta, legeza, gawa nyembamba. Ananivumilia. Wateja bado wananiita Vidole, kwa mazoea tu, halafu wakishaita wanashika midomo. Nawaambia iteni, jamani, viwili bado vinafanya kazi. Tunacheka. Lakini jana mama mmoja alikuja na bintiye wa harusi, akasema tumetoka mbali kwa ajili ya mikono yako. Nikaenda nyuma kusuuza mataulo yaliyokwisha kusuuzwa.

Pale kioo kilipokuwa kabla hakijaniangukia, ukuta una baka jeupe refu kama mlango. Rangi yote ya waridi iliondoka na kioo. Yule mkaguzi wa bima alinionyesha mwenyewe: gundi ilishika rangi vizuri kabisa, rangi ndiyo haikushika ukuta. Fundi alipaswa kuikwangua kwanza, akabandika juu yake tu. Kazi ya kukwangua ingemchukua muda wa kunywa chai. Sasa wateja wanakaa wanatazama ukuta mtupu, wanauliza kichwa kimekaaje, nasi tunawaambia kimekaa.

Nina swali. Yule Fundi Vioo amesema nini? Hospitali sikumwona. Siku ya kusaini makubaliano nikaletewa bwana wa tai kutoka bima, kijana msafi, hajawahi kushika gundi maishani, akanishika mkono, tena huu wangu mbovu, akasema pole sana mama. Nilitaka kumwuliza, wewe umenikosea nini? Mimi namtaka aliyekibandika. Aje akae kwenye kile kiti, autazame mkono, aseme, "Dada, ni mimi." Basi. Baada ya hapo nitajua mwenyewe kama ni kumtukana au kumwekea chai. Hicho ndicho ninachokosa, Msomi, na hakimo kwenye zile fedha.

Mkono umechoka.

Dada yako


15 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa hakimu mmoja hapa ambaye hukumu zake tunazisoma kwa kukisia. Endelea hivyo hivyo.

Nimefurahi kwamba fedha zimefika na saluni imefunguliwa. Tafadhali usizigawe kwa kila mwenye shida mtaani. Nakujua.

Kuhusu Fundi Vioo, naomba usijisumbue. Nikueleze kama ninavyowaeleza wateja wangu. Sheria ya madai haimwadhibu mtu. Hiyo ni kazi nyingine, ya polisi na magereza. Yenyewe ina kazi moja, kumrudisha aliyeumizwa karibu na pale alipokuwa kabla hajaumizwa. Mkono haiwezi kuurudisha. Kwa hiyo inatumia kile ilicho nacho, ambacho ni fedha, na haijali sana zimetoka mfuko gani. Fundi alikuwa mwajiriwa wa duka la vioo, duka lilikuwa na bima, bima imelipa. Kesi imekwisha, na imekwisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Wenzangu ofisini walinipongeza.

Watu wa aina ile hawaji, dada. Usimngoje. Nunua kioo kingine, tena chenye skrubu, upake ukuta rangi, uendelee na maisha.

Watoto wanakusalimia. Mke wangu anasema ukija ulete yale mafuta ya nywele.

Ni mimi mdogo wako


9 Machi

Msomi,

Leo nimemwona!

Nilikuwa mtaa wa maduka ya vifaa, natafuta mafuta ya jumla. Yeye alikuwa anatoka duka la rangi na kopo mkononi. Nilimjua kwa mwendo wake ule wa kuinamia upande mmoja, utadhani kabeba kioo hata asipobeba. Nikajiambia, haya Vidole, siku imefika. Nikainua mkono, huu huu mbovu, nikampungia.

Akaniona. Macho kwa macho. Kopo likamponyoka. Halafu unajua alifanya nini? Aligeuka akakimbilia duka la nafaka. Nami nikamfuata, mimi tena! Nikamkuta mtu mzima, mwenye mvi, kachutama nyuma ya magunia ya unga. Nikamwambia, "Fundi, nina neno moja tu na wewe." Akatikisa kichwa. Akainua viganja vyote viwili mbele yangu kama anayesimamisha gari. Mwenye duka akatuuliza, kwani mnadaiana? Nikasema ndiyo, ananidai yeye au namdai mimi sijui, mwulize. Nilipogeuka kumjibu huyo, mwenzangu kashapita mlango wa nyuma, unga umemjaa mgongoni.

Nimerudi nyumbani nalia barabarani kama mtoto. Siku kile kioo kiliponiangukia sikulia, niliona damu nikaanza kutoa amri, leteni taulo, funga hapa, zima pasi. Leo nimelia. Kioo kilianguka kwa bahati mbaya. Huyu leo kanikimbia kwa makusudi.

Wewe unasema kesi imekwisha. Imekwishaje wakati mtu ananikimbia? Mtu aliyemaliza deni hajifichi kwenye unga.

Na nikuulize, maana wewe ndiye uliyesoma. Kama bima imelipa, na duka limetulia, na fundi yuko na kopo lake la rangi, basi nani kati yao alinikosea? Mbona naona kama niliumizwa na mtu lakini nimelipwa na ukuta?

Dada yako


20 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nasikitika kwamba ulikutana naye, na hasa kwamba ulimfuata. Pengine aliogopa. Watu huogopa mambo mengi ambayo sisi hatuyajui.

Swali lako si la kijinga. Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja aliyependa kusema kwamba aliyekosa na aliyekosewa wamefungwa kamba moja, wao wawili peke yao, na kazi ya mahakama ni kuhakikisha kamba hiyo inafunguliwa na walewale waliofungwa. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kazini nikakuta watu hawana hamu ya kamba. Wanataka ikatwe, walipwe, walale. Niliamini wewe pia ungetaka kulala.

Jambo moja nakusihi. Usimseme vibaya mbele za watu. Najua saluni ilivyo. Mtu akimharibia mwenzake jina kwa jambo lisilo la kweli, naye kakosa, na sheria inamtambua kama inavyomtambua aliyevunja mkono. Hata pale ambapo yeye ndiye aliyeanza kukosewa.

Niko katikati ya kesi ndefu. Nitakuandikia zaidi.

Mdogo wako


2 Mei

Kwa Mheshimiwa Wakili wa Fundi Vioo,

Ndiyo, nimekuita hivyo, maana siku hizi naona unamtetea yeye.

Umechelewa kunionya. Nilikuwa nimeshamsema siku ileile niliyomwona, na shoga yangu alikuwa anasuka na watu walikuwa wamejaa. Nilieleza yote, magunia, viganja, unga. Wakacheka hadi mmoja akashuka kwenye kiti. Walipomaliza kucheka wakakasirika kwa niaba yangu, na hapo nikaona raha, sikufichi. Kila aliyeingia nikamsimulia. Hadithi ikawa inanoga. Mwishoni nikasema siku ile alipobandika alikuwa kalewa. Hakuwa amelewa, Msomi, alikunywa maji yangu mwenyewe kwenye kikombe changu mwenyewe. Lakini iliingia vizuri pale, nikaiacha ikae.

Sasa mji mzima unajua. Mke wa mwenye duka la vioo anasukia hapa. Wiki iliyopita kaniambia wamemwondoa kazini, kwamba hawataki mlevi kwenye nyumba za watu. Anazunguka na kamba na mkanda wake wa kupimia anatafuta kazi ndogo ndogo, moja moja, na hapati, na yule mwenzake waliyekuwa wanabeba naye kamkimbia. Nilipewa habari hizo nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nikajisikia moyo umepoa kidogo.

Kama angekuja tu akasema neno moja. Mimi ningemfukuza? Mimi?

Dada yako


10 Mei

Dada,

Tafadhali usiendelee. Naomba kwa heshima zote. Kuna jambo ambalo siwezi kuliandika. Mwisho wa mwezi huu nakuja, tutakaa, tutaongea. Usiseme lolote tena juu ya mtu yule mpaka nifike.

Mdogo wako


3 Juni

Msomi,

Mwisho wa mwezi umekuja peke yake.

Nilipika, nikaweka shuka safi. Shoga yangu akauliza mgeni ni nani, nikamwambia ni mtu mkubwa, ana kesi ndefu.

Ni jambo gani hilo la kuogopwa na karatasi?

Dada yako


21 Agosti

Mdogo wangu,

Fundi Vioo amefariki.

Nakuandikia taratibu ili uelewe kila neno. Alipata kazi kwenye jengo lile jipya la ghorofa karibu na stendi, kazi ya dirisha moja. Kioo cha ukubwa ule hubebwa na watu wawili, mmoja mbele anayetazama ngazi, mmoja nyuma anayeshika uzito. Hakuwa na mtu wa pili. Aliokuwa akiwaomba walimwambia hawafanyi kazi na mlevi. Akakibeba mgongoni peke yake kwa kamba, akapanda, na kwenye kona ya ngazi kikamvuta nyuma. Waliomwona wanasema hata alipokuwa anaanguka hakukiachia.

Nilikwenda nyumbani kwake baada ya watu kutawanyika. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Mkewe alifungua mlango, akanitazama, akautazama mkono, akajua ni nani. Nikasema pole mama. Akasema, "Leo ndiyo umeruhusu?"

Sikumwelewa. Nikamwambia simwelewi. Basi akanieleza pale pale mlangoni, sauti ya chini, wala hakulia. Kwamba siku ya pili baada ya mimi kulazwa mumewe alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, akaja hospitali. Kwamba nje ya wodi alimkuta kijana kavaa suti, akajitambulisha, akasema nimekuja kumwomba radhi yule dada, kosa ni langu, sikukwangua rangi. Na kijana yule akamwambia kwamba dada hataki kumwona, na akimsogelea tena, hospitali, nyumbani, barabarani, popote, atampeleka mahakamani yeye binafsi, mpaka auze nyumba yake kunilipa mimi. Akarudi nyumbani na shati lake. Tangu siku hiyo alikuwa akikatiza mitaa ili asikutane na mimi. Siku ya lile duka la nafaka alirudi na unga mgongoni, akamwambia mkewe, "Leo nimemkosea tena, nimemkaribia."

Wodi ile nilikuwa na mgeni mmoja tu wa suti.

Swali langu ni moja. Nilisema lini kwamba sitaki kumwona?

Sijatia jina hapa chini kwa sababu sijui leo mimi ni nani kwako.


29 Agosti

Dada yangu,

Hukusema. Nilisema mimi.

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana nimeshakimbia vya kutosha. Nilifika hospitali ukiwa bado unalala kwa dawa. Daktari alikuwa ameniambia kwamba vidole vitatu havitarudi. Nikasimama kule nje nikifikiria mkono ule ulivyonisomesha, jinsi ulivyokuwa unaupaka mafuta ya moto ukirudi jioni ili kesho uweze kusuka tena. Ndipo akaja, na shati lake, na kosa lake mdomoni. Nikaona mbele yale uliyokuja kuyaandika wewe mwenyewe baadaye: ungemwekea chai. Ungemwambia yameisha, kaka, nenda zako. Ungemwambia mbele ya manesi. Na bima wangeuliza, si mlishasameheana? Kesi ingeanza kuyumba kabla haijasimama, nawe ungebaki na mkono mbovu na moyo mweupe na chumba cha kupanga. Sikuweza kukubali. Nilimfukuza kwa sababu nilijua ungemsamehe.

Baada ya kulipwa nilipaswa kwenda kumwambia kwamba kizuizi kimekwisha. Kila nilipotaka kufanya hivyo niliona kwamba nitalazimika kuanza na wewe, na kukuambia kwamba nilikudanganya tangu mwanzo. Nikaahirisha. Barua yako ya unga ilipofika nilikuwa na karatasi mkononi, nikaandika juu ya kamba na mwalimu wangu. Mwezi wa tano nilikata tiketi. Nilifika kituoni nikarudi.

Sikuua mtu, najua, na sheria haitanikamata kwa lolote. Nimeitafuta hiyo sheria usiku kucha nikitumaini ipo.

Nitamlipa yule mama. Nitampelekea kila mwezi, wala hutajua. Niambie tu kwamba bado wewe ni dada yangu.

Mdogo wako


6 Septemba

Msomi,

Dada yako niko. Hilo halina rufaa, wala usilipigie magoti.

Lakini umeanza tena. Nimesoma barua yako yote nikawa nalia na wewe, hata nikakuonea huruma na ule mkono wa mafuta ya moto, kisha nikafika pale unaposema utamlipa yule mama wala mimi sitajua. Nikaitupa chini. Wewe mtoto, husikii? Mimi ndiye niliyemwita mlevi. Ni mdomo huu. Utalipaje wewe mdomo wangu, kwa siri, kama bima?

Uliniogopea kwamba nitasamehe. Haya, pengine ningesamehe, na ningekuwa maskini, na ungenigombeza maisha yote. Au pengine ningemtazama usoni ningekuta siwezi, nikamwambia toka. Hatutajua. Kilikuwa changu, Msomi. Mkono ulikuwa wangu, na yule mtu alikuwa na neno langu mdomoni, nalo ukalirudisha naye nyumbani. Ulinipigania vizuri mno mpaka mimi mwenyewe nikakosa nafasi kwenye kesi yangu.

Na mimi nikaenda nikamfanyia mwenzangu ubaya mkubwa kuliko alionifanyia. Yeye aliacha kukwangua rangi. Mimi nilijua kabisa nasema uongo na nilikuwa nakunywa chai.

Nitamwandikia mkewe. Usiniandalie maneno. Usiende kule. Ukitaka kufanya kitu, panda basi uje kwangu, ukae kwenye kiti kile mbele ya lile baka, uniambie kwa mdomo hayo uliyoniandikia. Barua yako nimeipokea lakini haitoshi. Wewe kuliko mtu yeyote unapaswa kujua kwa nini haitoshi.

Kiti kipo.

Dada yako


20 Septemba

Mama,

Mimi ni yule msusi uliyemkuta mlangoni kwako. Naandika kwa mkono wa kushoto, unisamehe kama haisomeki.

Sitasema kwamba sikujua. Ni kweli sikujua alikuja hospitali. Sikujua alizuiwa. Aliyemzuia ni mdogo wangu na hakunituma. Lakini hayo ni ya mdogo wangu. Yangu ni haya: nilikaa kwenye saluni yangu nikamwita mume wako mlevi. Hakuwa mlevi. Nilijua hakuwa mlevi. Nilisema kwa watu wengi na kwa siku nyingi, mpaka kwa mke wa tajiri wake, na kwa sababu hiyo alipanda ile ngazi peke yake.

Sina cha kukurudishia. Fedha nilizolipwa zipo, zile alizosababisha yeye, lakini naona haya hata kuzitaja mbele yako.

Naomba ruhusa nije. Nisimame mlangoni, nisiingie ndani, nikuambie haya mbele ya uso wako. Ukinitukana nitasikiliza. Ukinifungia mlango nitaondoka. Nilimngoja yeye aje aniambie ni yeye, najua kungoja huko kulivyo, sitaki na wewe ungoje.

Vidole


14 Oktoba

Kwa Msusi,

Barua yako nimeisoma. Mwandiko unasomeka.

Mdogo wako alikuja hapa wiki iliyopita na bahasha. Nilimrudishia. Alisimama sana pale uani, nadhani alitaka nimtukane, lakini nilikuwa na nguo za kuanua. Nilimwuliza kama anapitia kwako, akasema basi lake linaondoka jioni ile ile. Nilidhani unajua.

Usije. Si kwamba nakuchukia, wala sijui kama nakuchukia, sijapata nafasi ya kutazama. Ni kwamba ukija utasema yako, nami nitalazimika kuwa na la kukujibu, nawe utaondoka ukiwa mwepesi. Mimi nitabaki hapa hapa. Neno ulilosema hukulisemea mlangoni kwangu. Ulilisemea kwenye kiti chako, watu wamejaa. Lirudishe pale pale. Waambie wale wale, mmoja mmoja, mpaka mke wa tajiri wake alisikie. Ukimaliza usiniandikie kuniambia umemaliza. Nitasikia sokoni, kama nilivyosikia lile la kwanza.

Jambo lingine ni hili, na nimefikiri sana kama nikuambie. Wiki ile aliyofukuzwa hospitali alikata kioo kingine, kwa fedha zake, kipimo kile kile cha ukuta wako. Akakitoboa matundu manne ya skrubu, akakisugua kingo zote zisimkate mtu. Kimefungwa blanketi, kimeegemea ukuta nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Nilikuwa namgombeza kwamba kinatuzibia njia. Alikuwa anasema, siku yule dada atakaponiruhusu nitakwenda kukifunga mwenyewe, na safari hii nitaikwangua rangi mpaka nione saruji.

Siwezi kukuletea. Nimejaribu kukinyanyua. Kinahitaji watu wawili.

Mke wa Fundi Vioo